Baba kalipwa sawa na mama? Injili ya Jumapili ya 25 ya Mwaka imenikaba

BintiMasasi

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naomba mnivumilie ni ndefu kidogo ila sina pa kuisemea, padri wetu ana vigango vingi huku kwetu hafiki kila wiki na akifika watu wanamsubiri foleni.

Jumapili tulibahatika tukawa na misa na injili ilikuwa Mathayo 20, ile ya mwenye shamba la mizabibu. Wa alfajiri wanalipwa denari, wa saa tatu denari, wa saa sita na saa tisa denari, na waliokuja saa kumi na moja jioni jua linazama nao denari. Nimeisikia tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza haijawahi kunisumbua. Safari hii nimekaa kwenye benchi karibu na mama nikasikia mwili unachemka, ikafika wakati wa kupokea nikashindwa kusimama, mama kaenda peke yake akarudi akaniangalia tu hakuniuliza kitu.

Sababu ni hii. Baba aliondoka nyumbani mimi niko darasa la pili. Akaenda kuishi Lindi mjini na mwanamke mwingine. Mama akabaki na watoto watano na mikorosho michache ya urithi wa bibi. Ametusomesha kwa hiyo mikorosho na kwa vibarua vya kulimia watu. Na kanisani hajakosa, jumuiya kila wiki yupo, WAWATA (umoja wa wanawake wakatoliki) yupo, kufagia kanisa jumamosi yupo, zaka anatoa hata msimu ambao korosho ilianguka bei. Miaka ishirini na kitu hiyo, ndo zile "taabu na hari za mchana kutwa" walizosema wale wa alfajiri.

Mwaka jana mwishoni kaka akapigiwa simu baba anaumwa sana, yule mwanamke keshamtoa nje. Tukamleta nyumbani. Mama akampokea, akamwogesha, akamlisha uji. Padri akaja, akaungama, akapewa mpako wa wagonjwa na komunyo. Wiki tatu baadae akafariki. Mazishi misa kamili, kwaya, wanaume wa UWAKA (umoja wa wanaume wakatoliki) wamebeba jeneza, na mahubiri yalikuwa ya yule mwizi msalabani, leo hii utakuwa pamoja nami peponi.

Sasa mimi nauliza kwa dhati sio kwa ubishi. Kama baba kapata mbingu ileile kwa wiki tatu, mama amefanya kazi ya nini? Na wadogo zangu wa kiume wamelishika hilo, mmoja kaniambia dada mi ntarudi kanisani nikizeeka kama mzee alivyofanya. Nimjibu nini?

Mtumishi_Mdogo

Milele amina. Dada usihukumu, Mungu ndo anajua mioyo. Msamehe marehemu apumzike. Omba rozari.

BintiMasasi

Asante kaka, rozari nasali. Ila sijauliza kama baba yuko mbinguni au hayuko, nimeuliza habari ya mama.

KatekistaMstaafu

Milele na milele amina mwanangu. Pole sana na msiba. Nimefundisha katekisimu huku njia ya Ndanda zaidi ya miaka thelathini na swali lako nimewahi kuulizwa mara nyingi ila kwa kunong'ona, wewe umelisema wazi nakupongeza.

Nianze na kitu ambacho sisi waswahili tunakipata bure. Saa za injili ile ni saa zetu. Wazungu ukiwasomea "saa kumi na moja" inabidi wafafanuliwe kwanza ni saa ngapi kwa saa zao. Mama yako akisikia saa kumi na moja anajua kabisa ni ile saa kivuli kimekuwa kirefu, kuku wanatafuta pa kulala, na hakuna mtu mwenye akili anaajiri kibarua saa hiyo. Yule mwenye shamba anatoka hata hiyo saa. Tena angalia, katoka mwenyewe mara tano wakati msimamizi anaye, jioni ndo anamwita msimamizi alipe. Kazi ya kulipa kamwachia mtu, kazi ya kutafuta watu hakumwachia.

Pili, usiusome mfano huu bila kurudi nyuma mstari mmoja mmoja. Sura ya 19 yule kijana tajiri kaondoka kwa huzuni, Petro akauliza, sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi? Ndo swali lako lilelile, umeuliza kwa niaba ya mama. Na Yesu hakumkemea Petro. Kamwahidi mara mia na uzima wa milele, halafu ndo akamsimulia mfano huu. Kwa hiyo usijione umetenda dhambi kwa kuuliza, umesimama alipo Petro.

Tatu, hili nalisema kwa upole. Huu mfano kwa baba yako haukai sawasawa. Wale wa saa kumi na moja walipoulizwa mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi walijibu hakuna mtu aliyetuajiri. Hawakukataa kazi. Baba yako alishaajiriwa, alibatizwa, alifunga ndoa altareni, akaacha jembe katikati ya tuta akaondoka. Ukitaka kumwona baba yako kwenye injili mtafute kwa Luka 15, mwana mpotevu, na wewe utajikuta pale mlangoni, yule kaka mkubwa ametoka shamba anasikia ngoma hataki kuingia ndani. Na yule kaka hakupigwa. Baba yake alitoka nje akamsihi, akamwambia mwanangu, wewe u pamoja nami siku zote na vyote nilivyo navyo ni vyako. Hilo ndo jibu la kazi ya mama yako kwa sehemu. Mama hakusubiri jioni ndo alipwe, siku zote hizo alikuwa ndani ya nyumba.

Kuhusu malipo yenyewe, Mtakatifu Augustino alilifafanua hili vizuri sana. Alisema denari ni uzima wa milele, na uzima wa milele hauwezi kuwa mrefu kwa huyu na mfupi kwa yule, ndo maana wote denari moja. Lakini papo hapo akakumbusha nyumbani mwa Baba mna makao mengi, na nyota yatofautiana na nyota kwa utukufu, ile ya 1 Wakorintho 15. Kwa hiyo Kanisa halifundishi kwamba miaka ya mama imefutwa ikawa sawa na wiki tatu. Upendo aliouzoea ndani yake kwa miaka yote hiyo anaingia nao. Na halifundishi pia kwamba aliyeungama mwishoni hana cha kutakaswa, ndo maana tunawaombea marehemu. Dhambi inasamehewa, ila majeraha yaliyoachwa na dhambi, mengine nyie watoto mnayo mpaka leo, yanataka kutengenezwa.

Huyo mdogo wako msomee somo la kwanza la jumapili hiyohiyo, Isaya 55, mtafuteni Bwana maadamu anapatikana. Maadamu. Mwulize nani kamwambia atazeeka.

Jembe_Begani

Mzee katekista kaeleza vizuri sana mi sijasoma ila niruhusuni niongee kama kibarua maana watu wanaihubiri hii injili kama wale wa saa kumi na moja walikuwa wanapumzika kivulini.

Nimefanya vibarua Tandahimba na Newala misimu kama sita hivi, palizi, kupuliza salfa, kuokota. Unaamka bado giza unaenda pale watu wanaposimama, jembe begani, panga mkononi. Anakuja mtu na pikipiki anaangalia watu mabega anasema wewe, wewe, na wewe mwenye shati jekundu. Wanaondoka. Anakuja mwingine. Ikifika saa nne waliobaki ni mzee mmoja, dogo fulani kakonda, na yule ambaye mguu wake mbovu. Mi nilishabaki hapo mara nyingi kipindi nimetoka kuumwa. Wale walioenda shamba wanachoka ndio tena wanachoka sana lakini mtu analima huku anajua jioni kuna unga. Wewe uliyesimama hulimi ila unahesabu, unga, mafuta, daftari la mtoto, na kila pikipiki ikilia unasimama wima ili uonekane mzima. Mi nakwambia dada bora kulima.

Ndo maana ile denari mi naielewa hivi, ni hela ya kula ya siku moja. Ukimpa mtu sehemu moja ya kumi na mbili ya denari kwa sababu kafanya saa moja, watoto wake hawana njaa ya saa moja, wana njaa ya siku nzima. Yule mwenye shamba aliangalia nyumbani kwa mtu sio saa.

Sasa baba yako simjui na sitaki kumtetea alichofanya, kuacha watoto watano sio jambo dogo. Ila nauliza tu, ile miaka alikuwa anakula raha kweli? Au alikuwa kasimama?

MamaKoroshoNewala

Naomba nichomekee hapo kwenye malipo hata kama natoka nje ya mada kidogo, maana msimu ndo huu unaanza na hii injili naona wenye mashamba tunaishika upande mmoja tu, ule wa "je, si halali yangu kutumia vilivyo vyangu nipendavyo".

Huyu mwenye shamba kabla ya ukarimu alianza na haki. Mapatano denari moja, kalipa denari moja, na kalipa JIONI ILEILE. Hiyo ilikuwa sheria ya Musa, Kumbukumbu la Torati 24, mpe ujira wake siku iyo hiyo kabla jua halijachwa kwa kuwa ni maskini na moyo wake anautumainia huo ujira. Yakobo sura ya 5 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Katekisimu namba 1867 imeweka kumdhulumu mfanyakazi ujira wake kwenye dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, ziko chache sana hizo, na ya kwanza kwenye hilo fungu ni damu ya Abeli. Papa Leo XIII tangu 1891 aliandika kwamba mapatano peke yake hayatoshi, ujira lazima umtunze mtu. Halafu sisi huku tunamwambia kibarua subiri mnada wa korosho. Mnada unaahirishwa, hela ikifika chama cha msingi cha ushirika inakaa, makato, yeye anasubiri wiki tano kwa kazi aliyofanya Oktoba. Mi nilikuwa nafanya hivyo. Mwaka mmoja akaja mama mmoja usiku kuomba elfu tatu katika hela yake mwenyewe, ananiomba kama mkopo huku amepiga goti. Tangu hapo nauza mbuzi kabla ya msimu nilipe vibarua kila jioni, nikikosa napunguza idadi ya watu.

Haya nirudi kwa mwenye mada. Mdogo wangu, mama mwenyewe anasemaje? Umeongea habari yake yote lakini sauti yake sijaisikia.

Nachingwea_Mkatoliki

Kuongezea tu, huu mfano uko kwa Mathayo peke yake, Marko hana, Luka hana, Yohana hana. Na Mathayo ndo yule aliyekaa forodhani anatoza ushuru watu wamemchukia, Yesu akapita akamwambia nifuate. Sikukuu yake ni tarehe 21 Septemba, yaani inaangukia kipindi hikihiki Jumapili hii inaposomwa. Mi huwa najiuliza Petro na Andrea walijisikiaje siku ya kwanza kukaa nae meza moja, wao wameacha nyavu yeye ametoka kuwatoza watu hela.

Na Papa Gregori Mkuu alihubiri kwamba hizo saa ni umri wa mtu, alfajiri utoto, saa tatu ujana unaanza, saa sita nguvu zimekamilika, saa tisa uzee, saa kumi na moja ukongwe. Anaitwa kila mtu kwa saa yake.

Ukiangalia hata kanda yetu hii. Kuna waliofika mapema wakalipa kwa damu, Nyangao misheni iliharibiwa kwenye Maji Maji 1905, mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss akauawa pamoja na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, tarehe 14 Agosti mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria. Misheni ya Ndanda ikaanzishwa 1906, mwaka unaofuata tu. Sisi tumekuja tumekuta kanisa la matofali na benchi za kukalia.

BintiMasasi

Shikamoo mzee katekista, na shikamooni wote mlionizidi. Nimesoma kila kitu mara mbili. Hilo la kaka mkubwa mlangoni limenichoma ila ni kweli ndipo nilipo.

Kaka Jembe swali lako limenikumbusha kitu nilikuwa sitaki kukikumbuka. Kaka alipoenda kumchukua Lindi alimkuta kwenye chumba cha kupanga, godoro chini, hana hata ndoo ya maji. Tulipofungua begi lake tulikuta nguo mbili na kipande cha nailoni kimefungwa na kamba, ndani kuna cheti cha ndoa yake na mama. Katembea nacho miaka yote hiyo. Mimi siku ile nilikasirika zaidi, nikasema kama ulikuwa unakumbuka mbona hukurudi. Sasa sijui. Labda ndo huko kusimama.

Na dada wa Newala, kweli mama sijamuuliza. Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake bila kumuuliza. Ntarudi.

KatekistaMstaafu

Marahaba mwanangu. Muulize bila haraka, ikiwezekana mkiwa kazini, watu wa umri wa mama yako huongea vizuri mikono ikiwa na shughuli.

Na usiikose Jumapili ijayo. Mwaka A wa masomo ya misa hizi Jumapili tatu zinafuatana zote ziko shamba la mizabibu, ya 25, ya 26 na ya 27. Injili inayokuja ni wale wana wawili ambao baba yao anawaambia nenda leo ukafanye kazi shambani. Mmoja anasema sitaki, halafu baadae anatubu anaenda. Nilikwambia huu mfano wa juzi haumkai baba yako vizuri, huo unamkaa.

BintiMasasi

Wapendwa nimerudi, ni siku ya nne leo.

Jana tulikuwa chini ya mikorosho, zimeanza kudondoka kidogo kidogo, yeye anaokota anatenganisha na mabibo mimi namfuata na ndoo. Nikamuuliza mama, ile injili ya Jumapili haikukuuma? Akauliza ipi. Nikasema ya wale waliolipwa sawa. Akaendelea kuokota nikadhani hatajibu.

Halafu akasema, "Wewe unadhani hela ya zaka tu ndo nilikuwa napeleka parokiani? Kila mwezi nilikuwa natoa nia ya misa kwa ajili ya baba yako. Msimu mbaya nilikuwa natoa kila miezi miwili. Sasa amerudi, unataka nimwambie Mungu mbona umempa? Nilimwomba mimi."

Nikanyamaza. Sikujua hata siku moja. Nia zilikuwa zinasomwa kanisani "kwa nia ya mtoaji" na mimi nimekaa palepale.

Ila sitaki niwadanganye kwamba hana uchungu. Akasema kuna jambo moja bado linamuuma, kaka mkubwa alifaulu kwenda sekondari akakosa ada, akatuma ujumbe Lindi mara tatu, hakuna jibu. Kaka hakusoma. Akasema hilo alimwambia baba usoni kabla padri hajafika, na baba alilia, na yeye mama hakumbembeleza, alimwacha alie. Baadae ndo akaenda kuchemsha maji ya kumwogesha.

Kwa hiyo tumekubaliana misa ya tarehe 2 Novemba, Marehemu Wote, nia ya baba natoa mimi kwa hela yangu ya korosho ya kwanza. Mama ametoa miaka mingi inatosha. Kaka mkubwa nimempigia, amesema atafikiria, sijamlazimisha. Na dada wa Newala, wale vijana wawili waliotupulizia salfa mwezi wa saba tulikuwa tunawadai subira mpaka mnada, mama kauza kuku na mimi nimeongeza, leo asubuhi wamelipwa.

Mwenyekiti wa jumuiya amenipangia somo la kwanza Jumapili hii. Nimelifungua jioni hii nijiandae, ni Ezekieli 18, linaanza, "Lakini ninyi mwasema, Njia ya Bwana si sawa." Nimelisoma kwa sauti mara tatu hapa jikoni na kila nikifika hapo sauti inakatika, mama anachambua mboga ananiambia rudia, na usiende mbio.